Kwa nini mkimbiaji aliyeteguka kifundo cha mguu huteguka tena

Na MWANDISHI WETU

KUTEGUKA kifundo cha mguu ni miongoni mwa majeraha yanayodharauliwa mno na wakimbiaji. Hakuna mfupa uliochomoza, hakuna damu inayotiririka, na mara nyingi mhusika hujikokota hadi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe. Jioni mguu huvimba, kesho yake hupakwa dawa, na baada ya wiki moja au mbili, maumivu yakishatulia, mwenyewe huvaa viatu na kurejea barabarani.

Hapo ndipo tatizo halisi huanzia. Maumivu ya kifundo kilichoteguka hutoweka mapema kuliko jeraha lenyewe linavyopona. Mkimbiaji hurudi akiamini kwamba amepona, hukanyaga kijiwe ambacho zamani asingekitambua, na mguu hupinduka tena, safari hii kwa urahisi zaidi. Wapo waliozoea hali hiyo kwa miaka mingi hata wakaanza kusema kwamba wana "mguu mbaya", kana kwamba walizaliwa nao.

Kwa anayekimbia Jumapili moja moja ili apunguze kitambi, huenda hiyo ikawa kero tu. Lakini kwa kijana wa Iten au Kaptagat anayesubiri mwaliko wa mbio za ng'ambo, kwa mwanafunzi anayewania nafasi katika timu ya mbio za nyika, au kwa yule anayejiandaa kwa zoezi la kusajili makurutu wa jeshi ambapo mbio ni sehemu ya mchujo, kifundo kinachoteguka kila baada ya miezi michache kinaweza kumfungia mlango wa riziki.

Kinachotokea ndani ya mguu

Kifundo cha mguu ni kiungo kinachokutanisha mifupa mitatu. Miwili hushuka kutoka upande wa goti: mfupa mnene wa muundi ulio upande wa ndani, na mwenzake mwembamba ulio upande wa nje. Ncha za mifupa hiyo ndizo zile nundu mbili unazozigusa ukishika kifundo chako. Kati yake umebanwa mfupa wa tatu, uitwao talasi, mfano wa kitu kilichoshikwa na koleo.

Umbo hilo lina mambo mawili yanayoeleza karibu kila ajali ya aina hii. Kwanza, nundu ya nje imeshuka chini kuliko ya ndani. Kwa hivyo wayo ukitaka kupinduka kuelekea nje hukutana na kizuizi cha mfupa, lakini ukipinduka kuelekea ndani hauna kizuizi kikubwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya watu wanaoteguka huumia upande wa nje wa kifundo.

Pili, talasi ni pana upande wa mbele na nyembamba upande wa nyuma. Unaposimama wima, sehemu pana ndiyo iliyobanwa na koleo, na kiungo huwa imara. Vidole vinapoelekea chini, mathalani unapoteremka mlima au unapotua kwa ncha ya mguu, sehemu nyembamba ndiyo huingia katikati ya koleo na kiungo kikalegea. Mkimbiaji anayeshuka mteremko kwa kasi, akiwa amechoka, juu ya barabara ya murram iliyochimbwa na maji ya mvua, amekusanya hatari zote mahali pamoja.

Mifupa hiyo hushikiliwa na kano, yaani kamba ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa. Upande wa nje ziko tatu. Ile ya mbele ndiyo dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo ya kwanza kuumia. Nguvu ya kupinduka ikizidi, ile ya kati hufuata. Ya nyuma huumia mara chache sana. Upande wa ndani una kano pana na imara, na mtu akiumia huko ni dalili kwamba kishindo kilikuwa kikubwa.

Madaktari hugawanya majeraha haya katika madaraja matatu. Katika daraja la kwanza, kano imevutwa kupita kiasi na kupata michaniko midogo. Mtu hutembea akichechemea kidogo, na aghalabu huweza kuanza kukimbia baada ya wiki moja hadi tatu. Katika daraja la pili imechanika kwa kiasi, uvimbe ni mkubwa na ngozi hugeuka rangi ya zambarau. Hapo hesabu wiki tatu hadi sita. Daraja la tatu ni kano iliyokatika kabisa, na huenda miezi miwili au mitatu ikapita kabla mkimbiaji hajarejelea mazoezi yake ya kawaida.

Kuna aina nyingine ambayo wengi hawaijui. Wayo ukizungushwa kwa nguvu kuelekea nje, kano zinazoumia ni zile za juu ya kifundo, zinazofunga mifupa miwili ya muundi pamoja. Uvimbe wake huwa mdogo, nayo maumivu huwa juu kidogo ya kifundo na huzidi mtu anapojaribu kujisukuma kwa vidole. Kwa kuwa mguu hauonekani kuvimba sana, mhusika hujidanganya kwamba amepona. Jeraha hili huchukua muda mrefu zaidi na lafaa kuonwa na daktari mapema.

Umeteguka au umevunjika?

Swali la kwanza baada ya ajali ni kama mfupa umevunjika. Mlio unaosikika mguu unapopinduka hauthibitishi lolote, kwani kano ikikatika pia hulia kama kijiti kikavu. Wala ukubwa wa uvimbe si kipimo cha kutegemewa.

Kwa bahati nzuri, kipo kipimo ambacho hakihitaji mtambo wowote. Mwaka wa 1992, madaktari wa Ottawa nchini Canada, wakiongozwa na Dkt Ian Stiell, walichapisha kanuni za kuamua ni nani anayehitaji kupigwa picha ya eksirei na ni nani asiyehitaji. Kanuni hizo zimejaribiwa katika nchi nyingi na kuonekana kwamba ni nadra sana mfupa uliovunjika kupita bila kutambuliwa, ilhali idadi ya picha zinazopigwa bure hupungua kwa takriban thuluthi moja.

Kwa ufupi, bonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma wa kila nundu ya kifundo, kuanzia nchani kupanda juu kwa sentimita 6. Ukihisi maumivu makali kwenye mfupa wenyewe, si kwenye nyama iliyo mbele yake, unahitaji picha. Kisha bonyeza mfupa ulio kwenye ukingo wa nje wa wayo, takriban katikati ya kisigino na kidole kidogo, na ule uliotokeza upande wa ndani juu ya uvungu wa wayo. Huko nako, maumivu makali ni sababu ya kwenda hospitalini. Hatimaye jaribu kutembea. Aliyeshindwa kupiga hatua 4 mara tu baada ya kuumia, na akashindwa tena anapofika kwa daktari, anafaa kupigwa picha hata kama hatua zenyewe zingekuwa za kuchechemea.

Kanuni hizi hazimfai mlevi, mtu ambaye miguu yake imekufa ganzi kwa sababu ya kisukari, wala mtoto mdogo. Kwa watoto na vijana ambao hawajamaliza kukua, sehemu laini ya mfupa inayokua inaweza kuumia kwa urahisi kuliko kano. Mwalimu wa michezo anayemwambia mwanafunzi "jikaze, umeteguka tu" bila kumchunguza anacheza na mguu wa mtu.

Na ikiwa wayo umekaa upande, umekuwa baridi au umepoteza hisia, hakuna haja ya kubonyeza chochote. Ni safari ya hospitali moja kwa moja.

Siku tatu za mwanzo

Jambo la kwanza ni kuacha kukimbia. Linaonekana jambo la wazi, lakini wanariadha wamefunzwa tangu utotoni kuvumilia maumivu, nao uvumilivu huo unaofaa katika kilomita ya 35 ya marathoni ndio huwaponza hapa. Joto la mwili hufunika maumivu kwa dakika kadhaa, na mtu humaliza kilomita tano zaidi huku kano iliyochanika nusu ikiendelea kuchanika.

Ukifika nyumbani, funga bendeji ya kunyumbulika kuanzia karibu na vidole kupanda hadi juu ya kifundo. Ikaze kiasi cha kuzuia uvimbe, si kiasi cha kuzuia damu: vidole vikibadilika rangi au vikifa ganzi, ilegeze. Lala au keti huku mguu ukiwa juu ya mito, uwe juu kuliko kifua. Mguu ulioning'inia kwenye kiti cha matatu kwa saa tatu huvimba maradufu.

Kuhusu barafu, mawazo yamebadilika. Ushauri uliozoeleka wa kupumzika, kuweka barafu, kukaza bendeji na kuinua mguu ulienezwa na daktari Mmarekani, Gabe Mirkin, katika kitabu chake cha mwaka wa 1978. Mnamo 2014, Mirkin huyo huyo aliandika kwamba barafu na mapumziko kamili huenda vikachelewesha kupona, kwa kuwa uvimbe wa mwanzo ni sehemu ya kazi ya mwili kujitibu. Mwaka wa 2019, wataalamu wawili wa tiba ya viungo kutoka Canada, Blaise Dubois na Jean-François Esculier, walipendekeza mwongozo mpya ambao haukuitaja barafu kabisa katika orodha ya yanayofaa kufanywa.

Haina maana kwamba barafu ni sumu. Inapunguza maumivu, na mtu asiyeweza kulala kwa ajili ya maumivu anaweza kuitumia kwa dakika 10 hadi 15, ikiwa imefungwa kwa kitambaa ili isiunguze ngozi. Asiye na jokofu anaweza kutumbukiza mguu katika maji baridi. Kinachofaa kusahaulika ni ile dhana kwamba kadiri barafu inavyokuwa nyingi ndivyo mguu unavyopona haraka.

Mapumziko kamili nayo yana kasoro zake. Zamani mguu ulioteguka ulifungwa plasta kwa wiki nyingi, na bado plasta au kiatu maalumu hutumiwa kwa muda mfupi katika majeraha makali. Kwa majeraha mengi, hata hivyo, mguu unaoguswaguswa na kazi hupona vyema kuliko ule uliofichwa. Tumia magongo siku moja au mbili ukihitaji, kisha anza kuukanyagia kadiri maumivu yanavyoruhusu. Ukiwa umeketi, chora herufi za alfabeti hewani kwa kidole gumba cha mguu mara kadhaa kwa siku. Ni zoezi dogo la kitoto, lakini huzuia kiungo kukakamaa.

Mkandaji na sindano

Katika sehemu nyingi za nchi, aliyeteguka hupelekwa kwa mkandaji kabla ya kupelekwa kwa daktari. Mkandaji ana heshima yake, na katika kambi za mazoezi za Bonde la Ufa kukandwa ni sehemu ya maisha ya mwanariadha. Tatizo ni wakati. Katika siku mbili au tatu za mwanzo, mishipa midogo ya damu iliyopasuka ndiyo kwanza inaanza kuziba. Kuisugua kwa nguvu, kwa mafuta ya moto, huifungua upya na kuongeza uvimbe. Dawa za kuchua zenye joto, maji ya moto yenye chumvi, na pombe pia huongeza mtiririko wa damu wakati usiofaa.

Hatari zaidi ni kule kuvuta na kuzungusha mguu hadi ulie, eti mfupa urudi mahali pake. Katika kuteguka kwa kawaida hakuna mfupa uliotoka mahali pake. Ikiwa upo uliovunjika, mvuto huo unaweza kuusogeza. Baada ya wiki moja hivi, uvimbe ukishapungua, kukandwa taratibu kwa misuli ya shavu la mguu hakuna ubaya, na wengi huona nafuu.

Dawa za maumivu zinauzwa katika kila duka la dawa. Paracetamol inatosha kwa wengi. Zile za jamii ya ibuprofen na diclofenac hupunguza maumivu na uvimbe, lakini zinaweza kudhuru tumbo na figo, hasa kwa mwenye vidonda vya tumbo au anayekimbia juani bila maji ya kutosha. Na hakuna dawa hata moja kati ya hizo inayofaa kumezwa ili mtu aweze kukimbia. Maumivu ndiyo mlinzi pekee aliyebaki langoni. Ukimlaza usingizi, hutajua kinachoingia.

Sindano inahitaji tahadhari ya pekee. Wako wahudumu wanaowachoma wanariadha dawa za jamii ya steroidi za kupunguza uvimbe, kama vile triamsinoloni, ili warudi mazoezini upesi. Tangu Januari 1, 2022, Shirika la Kimataifa la Kukabiliana na Dawa za Kusisimua Misuli, WADA, limepiga marufuku njia zote za kudunga dawa za aina hiyo katika kipindi cha mashindano, hata zile za kudungwa kwenye kiungo. Wanariadha kadhaa wa Kenya wameadhibiwa kwa kupatikana na triamsinoloni. Anayeshiriki mashindano rasmi anafaa kuuliza jina la dawa kabla ya kukunja mkono wa shati, kuliandika, na kuomba ushauri wa Shirika la Kukabiliana na Dawa za Kusisimua Misuli nchini, ADAK. Kauli kwamba "daktari ndiye aliyenidunga" haimwondolei mwanariadha lawama. Fauka ya hayo, dawa hizo zinaweza kudhoofisha kano ambayo tayari imechanika.

Kano iliyosahau kazi yake

Sasa tufikie kiini cha jambo hili. Kano si kamba tupu. Ndani yake mna ncha za neva zinazoipasha ubongo habari za mahali ulipo wayo: umeinama kiasi gani, unaelekea wapi, ardhi iko sawa au imeinuka. Habari hizo hufika pasi na mtu kufikiri, nayo misuli ya upande wa nje wa muundi hukaza mara moja ili kuuzuia mguu usipinduke. Mtu mwenye kifundo kizima hukanyaga mawe mengi yaliyolegea katika kilomita kumi za msituni, na asikumbuke hata moja.

Kano inapochanika, ncha hizo huumia pamoja nayo. Kovu linaloziba pengo huwa halina hisia ile ile, na misuli iliyolala kwa wiki kadhaa hunywea. Habari hufika zikiwa zimechelewa au zimepotoka. Mguu unapogusa ardhi ukiwa umeinama kidogo, hakuna anayeusahihisha kwa wakati. Aidha, kovu lenyewe huchukua muda mrefu kukomaa: kazi kubwa ya kuziba hufanyika katika wiki sita hivi za mwanzo, lakini nyuzi zake huendelea kujipanga na kuimarika kwa miezi mingi, pengine hadi mwaka mmoja.

Ndiyo sababu aliyewahi kuteguka huwa katika hatari kubwa ya kuteguka tena kuliko yule ambaye hajawahi. Na ndiyo sababu kungoja peke yake si tiba. Hisia hiyo haina budi kufundishwa upya, jinsi mtoto anavyofundishwa kusimama.

Habari njema ni kwamba mafunzo hayo hayahitaji fedha. Mwaka wa 2009, jarida la matibabu la BMJ lilichapisha utafiti uliofanywa nchini Uholanzi kwa wanamichezo 522 waliokuwa wameteguka kifundo. Wote walipata matibabu ya kawaida, lakini takriban nusu yao waliongezewa mazoezi ya usawa ya kufanyia nyumbani, mara 3 kwa wiki kwa muda wa wiki 8. Katika mwaka mmoja uliofuata, asilimia 33 ya wale ambao hawakupewa mazoezi hayo waliteguka tena. Miongoni mwa waliopewa, walikuwa asilimia 22. Hakukuwa na mtambo wala msimamizi. Mtu alifanya mazoezi sebuleni kwake.

Zoezi la msingi ni kusimama kwa mguu mmoja. Anza ukiwa karibu na ukuta, bila viatu, kwa sekunde 30. Utashangaa jinsi mguu ulioumia unavyotetemeka ilhali mwenzake umetulia. Ukiweza, funga macho, kwa sababu macho ndiyo yanayofidia kazi ambayo kifundo kinashindwa kuifanya. Baadaye simama juu ya mto au godoro lililokunjwa. Kisha mwombe mwenzako akurushie mpira huku umesimama hivyo hivyo. Wengi husimama kwa mguu mmoja kila wanapopiga mswaki asubuhi na jioni, na huo ni ujanja mzuri, kwa maana zoezi lisilo na saa yake maalumu husahaulika.

Ongeza mazoezi ya nguvu. Simama ukingoni mwa ngazi, inuka kwa vidole, shuka polepole. Ukianza kwa miguu miwili, ishia kwa mmoja. Funga mpira wa tairi la ndani la baiskeli kwenye mguu wa meza, uzungushe kwenye wayo, na uuvute kuelekea nje ili kuimarisha ile misuli ya kando. Kipimo cha kunyumbulika ni hiki: weka wayo mbele ya ukuta na ujaribu kugusa ukuta kwa goti pasi na kuinua kisigino. Pima umbali, kisha linganisha na mguu mzima.

Kulinda pumzi

Hofu ya mkimbiaji aliyeketi ni kupoteza pumzi aliyoitafuta kwa miezi. Hofu hiyo hukuzwa kupita kiasi. Wiki moja au mbili za kutokimbia hazimwangushi mtu aliyejijenga vyema, na mwili uliozoea mazoezi hurudia hali yake upesi kuliko ule usiozoea. Hata hivyo, si lazima kukaa bure. Baiskeli huweza kuanza mara tu mguu unapokubali kuzungusha pedali bila maumivu. Mwenye bwawa au bahari tulivu anaweza kukimbia ndani ya maji ya kina kirefu akiwa amevaa kiboya, miguu isiguse chini. Mazoezi ya tumbo, mgongo na mapaja hayakatazwi.

Mwenye kukimbia kila siku huumia pia moyoni, na wenzake hawapaswi kulicheka hilo. Mtu aliyezoea kuamka saa kumi na moja alfajiri na kukutana na kundi lake hubaki amelala akisikia vishindo vya miguu vikipita nje. Kwenda kushika saa ya kocha au kubeba maji ya wengine humfaa kuliko kujifungia chumbani.

Kurudi barabarani

Tarehe kwenye kalenda haitoshi kuamua siku ya kurudi. Kabla ya kukimbia, hakikisha kwamba unaweza kutembea kwa kasi nusu saa bila kuchechemea, kwamba goti linafika ukutani karibu sawa na lile la mguu wa pili, kwamba unaweza kuinuka kwa vidole vya mguu mmoja mara nyingi mfululizo, na kwamba unaweza kurukaruka kwa mguu huo mbele, nyuma na kando bila maumivu wala woga. Woga nao ni kipimo. Mguu usiouamini hukimbia vibaya, na mzigo huhamia kwenye goti au nyonga ya upande wa pili.

Siku ya kwanza, badilisha dakika moja ya kukimbia na moja ya kutembea, kwa dakika 20, mahali tambarare. Uwanja wa mpira ulionyooka au barabara ya lami yenye magari machache hufaa kuliko njia za msituni, ingawa msitu ni laini zaidi. Ulaini si sawa na usawa. Mchanga wa ufuoni huonekana kuwa rafiki, lakini ufuo umelala upande, na kifundo kimoja hubaki kimeinama safari nzima. Kesho yake asubuhi chunguza mguu. Ukiwa umevimba au umekakamaa kuliko jana, umezidisha. Rudi hatua moja nyuma. Ukiwa shwari, ongeza kidogo, na upumzike siku moja kati ya mbio na mbio.

Kasi huja baada ya umbali. Kona za uwanjani huja baada ya mstari ulionyooka, kwa kuwa kila kona hukandamiza miguu miwili kwa namna tofauti. Miteremko na barabara za murram huja mwisho kabisa. Murram iliyokauka baada ya mvua ndefu ni mbaya kuliko ile yenye tope, kwani magurudumu ya pikipiki huacha mifereji migumu kama saruji, na alfajiri haionekani. Taa ndogo ya kichwani si anasa kwa anayekimbia kabla ya jua kuchomoza.

Bendeji ya kunata au kifaa cha kushikilia kifundo hupunguza hatari ya kuteguka tena, hususan katika mwaka wa kwanza, na si kweli kwamba hudhoofisha mguu endapo mazoezi yanaendelea. Viatu vya soli nene sana huinua wayo mbali na ardhi na huyumba kwenye mawe. Vilivyochakaa upande mmoja, hata vikiwa vya bei ghali kutoka mtumbani, humpeleka mvaaji upande huo huo.

Wiki sita zikipita na kifundo kikawa bado kinauma, kinakwama kinapokunjwa, au kinalegea kwenye ardhi tambarare, usiendelee kubahatisha. Huenda gegedu linalofunika talasi lilijeruhiwa siku ya ajali, jambo ambalo picha ya kawaida ya eksirei inaweza kulikosa, na daktari wa mifupa ataagiza kipimo cha MRI. Wachache ambao kano zao hubaki zimelegea baada ya miezi kadhaa ya mazoezi ya dhati hufanyiwa upasuaji wa kuzikaza. Upasuaji unaotumiwa sana hadi leo hutokana na ule wa daktari wa Uswidi, Lennart Broström, alioueleza katika miaka ya 1960. Aliyepasuliwa hukaa miezi kadhaa kabla ya kukimbia tena, na kati ya mambo atakayofundishwa katika muda huo ni kusimama kwa mguu mmoja.